Gari ya Tabo Inapopoteza Nguvu: Namna ya Kuipima Sensa ya Presha ya Hewa



Siku hizi wengi wetu tunachukua karafuu kwa pikapu na malori madogo ya dizeli yenye tabo. Msimu ukifika, gari hiyo ndiyo inayowapeleka wachumaji shambani alfajiri, ndiyo inayoleta karafuu mbichi uwanjani jioni, na ndiyo inayopeleka magunia makavu kituoni. Nayo karafuu mbichi haingoji mtu. Ikilala ndani ya gunia hupata moto na kuvunda, na hata ikianikwa baadaye hutoka imesinyaa na yenye weupeweupe, bei yake ikaanguka.

Kwa hivyo gari inaposhindwa na mlima siku ya uchumaji, mwenye gari hukubali kila analoambiwa. Aghalabu huambiwa moja katika mawili: ama "tabo imekufa", ama "sensa imekufa". Tabo ni kitu cha fedha nyingi. Sensa ni nafuu kuliko tabo, lakini nayo si bure. Ikinunuliwa na kufungwa, kisha gari ikabaki vile vile, fedha imekwenda na siku ya kazi imekwenda.

Makala haya yataka kueleza jinsi ya kujua kama kosa ni la sensa yenyewe, au la waya zake, au la hewa inayopimwa. Vipimo vyenyewe si vigumu. Vingine mwenye gari aweza kuvifanya mwenyewe, na vilivyobaki aweza kumwambia fundi avifanye mbele yake. Neno la kushika tangu mwanzo ni hili: sensa ni mjumbe, na wazee wetu walisema mjumbe hauawi. Kwanza tazama kama habari aliyoileta ni ya kweli.

TABO HUFANYA KAZI GANI

Injini haiwezi kuunguza dizeli bila ya hewa. Ukitaka nguvu zaidi kwa injini ile ile, hapana budi uingize hewa zaidi, ndipo uongeze dizeli. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha uvumbuzi wake wa kutumia moshi wa injini kuisukumia injini hiyo hiyo hewa. Gari ndogo ya dizeli ya kwanza yenye tabo kuuzwa kwa watu ilikuwa Mercedes-Benz 300 SD ya mwaka 1978, na tangu hapo mtindo huo umeenea hata kwenye pikapu za shamba.

Tabo ina feni mbili ndogo zilizofungwa kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini huizungusha feni ya kwanza kabla ya kwenda kwenye ekzosi. Hiyo ikizunguka, ya pili nayo huzunguka, ikavuta hewa safi kupitia eya klina na kuishindilia ndani ya injini, kama mpakiaji anavyoshindilia karafuu guniani ili gunia moja lichukue zaidi. Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, nayo huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Ndiyo maana oili chafu huua tabo upesi kuliko kitu kingine chochote.

Hewa ikishindiliwa hupata moto, na hewa ya moto hutanuka. Kwa hivyo magari mengi huipitisha kwanza kwenye intakula ili ipoe, kisha huingia kwenye manifodi na kugawanywa kwa kila silinda. Kati ya tabo na manifodi mna mabomba, mipira na klipu kadhaa. Kumbuka mipira hiyo, maana tutairudia.

SENSA NI KITU GANI

Sensa tunayoisema hapa si ile ya kuhesabu watu. Ni kifaa kidogo, aghalabu cha plastiki, kilichofungwa juu ya manifodi au kwenye bomba litokalo intakula. Katika magari mengine hufungwa kando, kwenye ukuta wa injini, kikaunganishwa na manifodi kwa mpira mwembamba.

Ndani ya kifaa hicho mna kiwambo chembamba sana cha silikoni. Upande mmoja wa kiwambo mna chumba kidogo kilichotolewa hewa yote. Upande wa pili huguswa na hewa ya injini. Hewa ikizidi, kiwambo hupinda kidogo. Kikipinda, upinzani wake wa umeme hubadilika. Na badiliko hilo hupelekwa kwenye kompyuta ya injini kama volti. Kompyuta ikipokea volti chache hujua hewa ni chache, ikipokea volti nyingi hujua hewa ni nyingi, nayo hupima dizeli kwa kadiri hiyo.

Basi sensa ni kama mizani ya kituoni. Mizani haitengenezi karafuu, wala haiongezi wala haipunguzi. Kazi yake ni kusema uzito. Mizani ikisema gunia ni jepesi, mawili yawezekana: ama mizani ni mbovu, ama gunia ni jepesi kweli. Anayenunua mizani mpya kabla ya kulitazama gunia hufanya haraka.

DALILI ZINAZOONEKANA

Sensa ikitoa habari mbovu, dalili zake ni hizi. Taa ya injini huwaka mbele ya dereva. Gari hukosa nguvu, khasa mlimani na mzigoni. Kompyuta huizuia injini kwa makusudi isije ikaharibika, na dereva huona kama gari imefungwa kamba kwa nyuma. Pengine hutoka moshi mweusi, na dizeli hutumika zaidi. Pengine ugonjwa huja na kuondoka: ukizima gari na kuiwasha tena, nguvu hurudi, na baada ya mlima mmoja hupotea.

Lakini tazama vizuri. Dalili hizo hizo hutokea pia mpira wa intakula ukipasuka, eya klina ikiziba, au vipande vya ndani ya tabo vikigandana kwa masizi. Kwa hivyo kwa dalili peke yake hapana mtu awezaye kuapa kuwa sensa ndiyo mbovu. Yataka vipimo.

NAMBA ZA HITILAFU NA MAANA YAKE

Fundi akiunganisha mashine ya kusomea, kompyuta ya gari hutoa namba. Waambie wakuandikie namba hizo kwenye karatasi kabla ya kuzifuta. Namba iliyofutwa bila ya kuandikwa ni ushahidi uliotupwa. Zifuatazo ndizo zinazotokea mara nyingi, ingawa watengenezaji wengine wana namba zao zaidi ya hizi.

P0235 yahusu njia ya umeme ya sensa ya presha ya tabo. P0236 maana yake habari inakuja, lakini hailingani na hali ya injini. P0237 maana yake volti ya sensa iko chini mno. P0238 maana yake volti iko juu mno.

P0299 ni jambo jingine. Maana yake hewa inayosukumwa na tabo ni chache kuliko ile iliyotakiwa. P0234 ni kinyume chake: hewa imezidi kiasi.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. P0237 na P0238 ni malalamiko juu ya umeme, na mara nyingi kosa huwa kwenye waya, plagi au sensa. Lakini P0299 kwa kawaida ni habari ya kweli iliyoletwa na sensa nzima. Yasema: "Gunia ni jepesi." Mtu akiona P0299 akakimbilia kubadilisha sensa, amemfukuza karani kwa kuwa ameandika uzito sahihi. Na katika namba zote hizi hapana hata moja inayosema "badilisha kitu fulani". Namba husema mahali pa kuanza kutafuta.

KIPIMO CHA KWANZA: MACHO NA MIKONO

Anza kwa yale yasiyotaka fedha. Zima injini, iache ipoe, kisha fungua boneti.

Fungua eya klina uitazame. Barabara za shamba zina vumbi jekundu, na eya klina iliyoziba huinyima tabo hewa. Kisha fuata mabomba yote kutoka kwenye tabo mpaka kwenye manifodi, mpira mmoja baada ya mwingine. Ukunje kwa mkono uone kama una ufa upande wa chini, maana mipira hupasuka mahali pasipoonekana. Jaribu kila klipu kama imelegea. Mahali penye oili mbichi iliyoshika vumbi pana shaka, kwa sababu hewa inayovuja hutoka na ukungu wa oili. Oili kidogo ndani ya mabomba ni kawaida. Inayotiririka si kawaida.

Kama sensa ina mpira mwembamba, uchomoe uutazame. Ukiwa umepasuka, umelainika, au umeziba kwa masizi, sensa haiwezi kuipata hewa ya kupima.

Halafu chomoa plagi ya sensa. Hewa yetu ya visiwani ina chumvi, na chumvi hula pini za plagi zikafanya kutu ya kijani. Tazama pia kama maji au oili imeingia ndani, na kama pini imepinda. Zifuate waya kwa macho mpaka zinapoishia kuonekana. Gari inayolala karibu na magunia na vyakula hupata wageni: panya hupenda kutafuna waya.

Kazi hii yote haizidi nusu saa, na mara nyingi ugonjwa huonekana hapa hapa.

KIPIMO CHA PILI: HEWA YA BAHARI

Sisi watu wa visiwa tuna mizani ya bure ambayo watu wa bara hawana. Kwenye usawa wa bahari, hewa tuliyomo ina presha ya kilopaskali 101 hivi, ambazo kwenye mashine huandikwa kPa. Hata juu ya vilima vyetu upungufu ni wa kilopaskali moja au mbili tu, na karibu na ikweta presha hiyo haibadiliki sana siku kwa siku. Nairobi, ambako ni juu zaidi ya mita 1,600, hewa ni kilopaskali 83 hivi. Basi anayetumia hesabu za kule hapa kwetu atajidanganya, na wa kule akitumia zetu vile vile.

Sasa, injini ikiwa imezimwa, tabo haizunguki. Hewa iliyomo ndani ya manifodi ni hewa ile ile ya nje. Washa swichi bila ya kuwasha injini, kisha soma kwenye mashine presha inayosemwa na sensa. Yapasa iwe karibu na 100, yaani baina ya 98 na 103 hivi. Gari nyingi zina sensa nyingine ya kupima hewa ya nje. Zote mbili zapasa zikubaliane, au zitofautiane kidogo sana.

Sensa ikisema 70 au 130 na injini imelala, basi hapo pana uongo, na uongo huo ni wa sensa, wa waya zake, au wa plagi. Tabo haina lawama hata kidogo, kwa sababu haijafanya kazi bado.

Angalizo moja: mashine nyingine huonyesha nyongeza tu, yaani presha iliyo zaidi ya hewa ya nje. Hapo hesabu ya injini iliyozimwa ni 0, wala si 100. Muulize fundi mashine yake yasoma vipi kabla ya kutoa hukumu.

Na jambo la pili: sensa ikifaulu kipimo hiki, usiseme mara moja kuwa ni nzima kabisa. Mizani huweza kuwa sawa ikiwa tupu, ikadanganya ikibebeshwa gunia. Twende mbele.

KIPIMO CHA TATU: MLIMANI NA MZIGO

Washa injini iache itulie. Kwa injini ya dizeli, presha ya manifodi gari ikiwa imesimama huwa karibu na ile ya hewa ya nje. Kwa injini ya petroli yenye tabo mambo ni mengine: huteremka mpaka 30 au 40 hivi, kwa kuwa kilango cha hewa kimefungwa. Usichanganye hesabu za petroli na za dizeli.

Kisha yapasa gari iende barabarani. Wako mafundi wanaokanyaga moto gari imesimama na kusema tabo haitoi kitu. Hicho si kipimo. Tabo husukumwa na moshi, na moshi mwingi hutoka injini ikiwa na mzigo. Gari isiyo na kazi haitoi hewa nyingi hata ukikanyaga mpaka mwisho.

Chukua mlima, tia gea ya tatu, kanyaga moto, na mtu wa pili asome mashine. Dereva asisome mwenyewe. Pikapu nyingi za dizeli katika hali hiyo hufika kilopaskali 200 au zaidi, lakini hesabu halisi ni ya gari yako, nayo hupatikana katika kitabu chake. Mashine nzuri huonyesha hesabu mbili pamoja: presha inayotakiwa na kompyuta, na presha iliyosemwa na sensa.

Zikienda pamoja, hewa na sensa ni salama, tafuta ugonjwa pengine. Ile inayotakiwa ikipanda na ile ya sensa ikabaki chini, ama hewa inavuja au haisukumwi, ama sensa inasema kidogo kuliko ilivyo. Ile ya sensa ikirukaruka, mara juu mara chini, hali barabara ni moja, shuku plagi na waya. Ikikaa mahali pamoja bila ya kutikisika, injini imelala au inapanda mlima, basi sensa imeziba, au imekufa, au waya wake umekatika.

Sikiliza pia. Mpira uliopasuka hulia kama mtu anayepuliza kwa meno, sauti ikizidi kila unapokanyaga, na moshi mweusi hufuata nyuma. Hiyo ni hewa inayopotea.

KIPIMO CHA NNE: WAYA

Hapa yatakiwa mita ya umeme, ile ya kupimia volti. Sensa ya kawaida ina waya tatu. Ikiwa na nne, wa nne ni wa kupima joto la hewa. Katika hizo tatu, mmoja huleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, mmoja ni wa athi, na mmoja hurudisha habari.

Chomoa plagi, washa swichi bila ya kuwasha injini. Waya wa volti 5 yapasa uonyeshe volti 5 au karibu yake. Kama hauonyeshi kitu, sensa mpya haitasaidia, kwa sababu aliyenyimwa chakula hawezi kufanya kazi. Mara nyingi volti 5 hizo hugawiwa sensa kadhaa kwa pamoja, na moja ikifa kwa kushota huzivuta zote chini. Dawa yake ni kuchomoa plagi za sensa nyingine moja moja. Ukiona volti zimerudi, uliyoichomoa mwisho ndiyo mkosa.

Waya wa athi upimwe plagi ikiwa imerudishwa, na tofauti yake na athi ya betri isizidi sehemu moja ya kumi ya volti. Athi mbovu humfanya mjumbe mkweli aseme uongo.

Waya wa habari nao upimwe plagi ikiwa mahali pake, kwa kupenyeza sindano ya mita nyuma ya plagi, si kwa kuutoboa waya. Sensa nyingi za tabo za dizeli huonyesha baina ya volti 1 na 2 injini ikiwa imelala, na volti hupanda kadiri presha inavyopanda, bila ya kufika 5 kamili. Ikibaki 0 daima, au ikibaki 5 daima, waya umekatika, umegusana na mwingine, au sensa imekufa.

Upo ujanja mdogo wa kutenganisha waya na sensa. Ukiwa unasoma mashine, chomoa plagi ya sensa. Hesabu yapasa iruke mara moja mpaka mwisho wa juu au mwisho wa chini, kwa kadiri gari ilivyoundwa. Ikiruka, ina maana mashine ilikuwa ikisoma kitu kutoka kwenye sensa. Isipobadilika hata kidogo, sensa haikuwa ikisikilizwa tangu awali, na ugonjwa uko kwenye waya au kompyuta.

Mwisho, plagi ikiwa imefungwa, tikisa waya taratibu huku mtu anasoma mita. Hesabu ikiruka kwa kutikiswa, umeupata ugonjwa ule unaokuja na kuondoka.

KIPIMO CHA TANO: SHAHIDI WA PILI

Vipimo vikiwa bado havijakata shauri, mlete shahidi wa pili. Fundi afunge geji ya presha ya kawaida, yenye mshale, kwenye njia ile ile ya hewa, kwa mpira uliogawanywa mara mbili, kisha gari irudi mlimani. Geji haijui kompyuta wala waya. Yasema inachokiona tu. Ila kumbuka kuwa geji ya mshale huanzia 0 kwenye hewa ya nje. Ongeza 100 kabla ya kuilinganisha na sensa.

Geji na sensa zikisema sawasawa kuwa presha ni ndogo, basi ni ndogo kweli. Tafuta uvujaji, au tazama kile kikopo chenye fimbo kinachoiongoza tabo, mipira yake ya vakyumu na vakyumu pampu. Tazama pia kama vipande vinavyogeuka ndani ya tabo vimegandana. Geji ikisema presha ni nzuri na sensa ikasema ndogo, na waya zimekwisha kupimwa, hapo sasa sensa imeshikwa na hatia, na kuinunua mpya ni haki.

Sensa yaweza kupimwa pia ikiwa imetolewa na kuunganishwa kwenye waya zake, kwa pampu ya mkono yenye geji. Ongeza presha kidogo kidogo na utazame volti. Zapasa zipande taratibu na kushuka taratibu. Zikiruka au zikiganda, sensa ni mbovu. Usitumie upepo wa kompresa wa gereji: nguvu yake yaweza kukipasua kile kiwambo.

KUSAFISHA NA KUBADILISHA

Sensa nyingi zinazotupwa hazijafa, zimeziba. Moshi wa injini unaorudishwa kwenye manifodi huchanganyika na ukungu wa oili ukafanya tope jeusi, na tope hilo huziba tundu la sensa. Itoe taratibu, ipulizie dawa ya kusafishia sensa au vifaa vya umeme, iache ikauke yenyewe. Usiingize waya wala sindano ndani ya tundu, na usiitie ndani ya petroli. Safisha na tundu la kwenye manifodi. Tazama mpira wake wa duara. Ukiwa umekatika, hewa itavuja hapo hapo.

Ikibidi kununua, chukua ile ya zamani mkononi na ulinganishe namba iliyoandikwa juu yake. Sura na plagi hazitoshi. Ziko sensa mbili zinazofanana kabisa, moja imeundwa kupima mpaka kilopaskali 250 na nyingine mpaka 300 au zaidi. Zote zitaingia, lakini isiyo yake itaidanganya kompyuta kila siku, na gari itakuwa na ugonjwa mpya uliolipiwa.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Usikubali gari yako iachwe na plagi ya sensa imechomolewa, au ifungiwe kijiti cha umeme cha kuidanganya kompyuta ili taa izime. Gari yaweza kwenda, lakini kompyuta imekuwa kipofu. Haijui tena hewa inayoingia, na tabo ikizidisha hakuna wa kuizuia.

Wala usiache mpira mdogo uliopasuka kwa kuwa gari bado inakwenda. Tabo inayovujisha hewa hulazimika kuzunguka zaidi ili kuziba upungufu, ikachakaa kabla ya wakati wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mpira na klipu ni fedha kidogo, tabo si kidogo.

UTARATIBU KWA UFUPI

Mwanachama ambaye gari yake imepoteza nguvu na afuate mpango huu. Aandike namba za hitilafu kabla hazijafutwa. Atazame eya klina, mipira, klipu, plagi na waya. Asome presha injini ikiwa imelala na kuona kama ni 100 hivi. Aisome tena mlimani pamoja na ile inayotakiwa. Apime waya tatu. Alete geji kama bado pana shaka. Ndipo anunue.

Na fundi akisema sensa imekufa, au tabo imekufa, muulize kwa adabu swali moja: "Umeipima vipi, na umepata ngapi?" Fundi anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa, naye atakutajia hesabu. Asiye na hesabu ya kutaja bado hajapima, na fedha yako ibaki mfukoni mpaka apime.

Yafaa kazi hii ifanywe sasa kabla ya msimu, gari ikiwa haina mzigo na fundi hana haraka. Andikeni hesabu za gari zenu zikiwa nzima: presha injini ikiwa imelala, na presha kwenye mlima mnaoujua. Siku ugonjwa utakapokuja mtakuwa na cha kulinganisha, na karafuu hazitalala guniani kwa ajili ya mpira wa klipu moja.